Tochi Kwenye Jicho la Presi

Jumamosi saa nane mchana mashine ya kuchongea ya Mzee Saba ilisimama kwenye mraba wa kumi na tisa wa bao la drafti, kama ilivyofanya Jumatano na Alhamisi. Kisu kikatulia ndani ya mbao. Ng'ambo ya ukuta, kiwandani, mtu akapiga ukelele mmoja mrefu, kisha pikapu ikasikika ikiwashwa.

Nyumba ya Saba iligusana na ukuta wa nyuma wa kiwanda cha bawaba. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye presi namba mbili, mashine ya kukatia bamba za chuma kwa kuzigonga, hadi presi ilipomkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwa pigo moja. Mtaani wakaacha jina lake, wakamwita kwa hesabu ya vilivyobaki. Presi ile ilikuwa na mlango wa kinga: mlango ukiwa wazi, haipigi. Lakini kufungua na kufunga kulichelewesha kazi, basi msimamizi wa zamu akaiunga swichi ya mlango kwa kipande cha waya, presi ikaamini siku zote kwamba mlango umefungwa. Baada ya ajali waya uliachwa palepale. Kama fidia, kiwanda kilimpa binti yake wa pekee kiti chake. Alikikuta bado kina damu kwenye mishono.

Mashine ya nyumbani Saba aliiunda mwenyewe kwa reli za printa mbovu, ili mikono ipate la kufanya. Ilichonga mabao ya drafti, na iliyachonga vizuri ilipokuwa na hiari. Kwa kusimama kwake aliulaumu umeme. Mota ya kisu, alimweleza mkewe, hurusha kelele kwenye nyaya, na kisanduku cha kuongozea kikisikia kelele hudhani kitufe chekundu cha kusimamishia kimebonyezwa.

"Kelele ziko kule ng'ambo," mkewe akasema. "Hizo za waya mimi sizisikii."

Jumapili aling'oa waya wa shaba kati ya kitufe na kisanduku, akaweka faiba, uzi mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga. Huku taa nyekundu ndogo, kule jicho la kuiona. Mwanga ukifika, mashine inakwenda, ukikatika, inasimama. Kelele za umeme hazina njia ya kupanda kwenye mwanga.

Jumatatu asubuhi mashine ilichonga miraba tisa, ikasimama. Saba akageuka kukitazama kitufe, akaona vidole vyake vitatu vimelala juu yake, vimekibana kwa nguvu. Cha shahada kilikuwa juu, kama kawaida yake ya kujifanya mkubwa. Kucha zilijaa grisi. Siku ile ya ajali vilifagiliwa kwenye pipa la vyuma chakavu, na kutoka pipani hadi hapo ni hatua arobaini, ambazo kwa kidole ni safari.

Mkewe akaja akifuta mikono.

"Kumbe pete haikupotea," akasema.

"Imepinda."

Akavisafisha kwa mafuta ya taa, akavitandikia kitambaa kwenye kisahani cha sabuni kando ya kitufe. Binti alirudi saa tisa na mkono uliofungwa tambara. Presi ilikuwa imeondoka na ukucha mmoja na nyama ya chini yake, saa nne kasoro, dakika ileile mashine iliposimama. Hapo Saba akaelewa. Vidole vilikuwa vikijaribu kuisimamisha presi tangu Jumatano. Vilibonyeza kitufe pekee vilichoweza kukifikia.

Saba alipoomba kitufe chake kiisimamishe presi, msimamizi alimkubalia upesi, kwa kuwa mkaguzi alitarajiwa wiki hiyo. Saba akatoboa ukuta, akapitisha faiba kutoka kwenye kitufe chake hadi kwenye jicho alilolifunga presi namba mbili, akaking'oa kile kipande cha waya na kukikanyaga. Kisha akatoa tochi yake mfukoni ili msimamizi aone kwa macho yake. Aliimulika kwenye jicho la presi, presi ikapiga. Aliiziba kwa kiganja, ikasimama.

"Hapa huungi kwa waya tena, mkuu," akasema. "Hili linataka mwanga."

"Nimekuelewa vizuri sana, Mzee Saba," akasema msimamizi.

Saba alirudi nyumbani amefurahi mno, tochi akaisahau kule kiwandani, juu ya sanduku la spana.

Siku kumi na moja presi haikuonja mtu. Vidole vilibonyeza hata mara sita kwa siku, na chuma kilisimama unene wa ukucha juu ya mkono. Saba aliacha mabao, akakaa kando ya kisahani akivipaka mafuta. Jioni binti akiingia aliwasalimu wazazi kwanza, kisha akainama mezani.

"Shikamooni," aliviambia vidole. "Leo mlinikuta nimesinzia."

Cha shahada kilijikunja kidogo.

Lakini bawaba zilipungua. Siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi, vidole vikabonyeza, taa ikazimika, na ng'ambo ya ukuta presi ikaendelea kupiga. Vikabonyeza hadi kucha zikapasuka na pete ikazama kwenye nyama. Saba akaweka vyake saba juu ya hivyo vitatu, akakandamiza. Presi ikapiga. Akaikata faiba kwa meno. Presi ikapiga, na ukelele uliofuata aliujua tangu siku mwenye nao alipozaliwa.

Alimkuta binti amepiga magoti mbele ya presi, mkono bado ndani. Vidole vinne vilikuwa vimepondwa bapa kama bawaba, na chuma kilikuwa kikishuka tena na tena juu ya mahali pasipokuwa na kitu cha kukata. Damu ilimfika msimamizi kwenye kola. Msimamizi alikuwa akikagua kama chuma kimepata ufa. Kwenye jicho la presi ilifungwa tochi kwa utepe mweusi, inawaka, na Saba aliitambua kwa mkwaruzo wa kwenye kitako.

Aliing'oa. Kisha akachukua spana ya ishirini na nne, akampiga msimamizi mdomoni, akampiga tena alipojaribu kusema, na meno yakatawanyika kati ya bawaba. Walinzi wakamvunja Saba mbavu tatu, wakamtupa nje ya geti. Mmoja wao alirudi, akaokota tochi, akaifunga palepale. Msimamizi alirudi kazini baada ya wiki mbili akiwa na meno mapya, meupe kuliko ya kwanza.

Saba alilia siku mbili, na hakulilia mbavu. Siku ya tatu, wakati wa chai, vidole vinne vya binti vilipita chini ya mlango, bapa, vikijivuta taratibu. Mama akavifuta, akatafuta sahani kubwa zaidi. Binti akavitazama.

"Vimejua njia," akasema, akaomba sukari kwa mkono mwingine.

Saba aliunganisha faiba mpya. Vidole saba hubonyeza sasa kwa zamu, mchana kutwa, na taa huzimika kila mara inavyopaswa. Kule kiwandani mtunza stoo hubadilisha betri za tochi kila Jumatatu. Ameiandika kwenye ratiba, kati ya kumwagia presi mafuta na kufagia. Mkaguzi hatimaye alikuja, akaiona tochi, akaandika kwamba mwanga ni wa kutosha.

Fidia haikuchelewa. Hapakuwa na mtoto mwingine, basi kiti cha presi namba mbili kimepewa mke wa Saba, zamu ya asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu hufunga kanga yake vizuri na kumwachia binti chai. Kabla ya kutoka huvua pete, akaiweka kwenye sahani, kando ya ile iliyopinda.