Jeshi Lililonunuliwa kwa Punje Moja

Mchezo ule aliubuni Joash mwenyewe, na ndiyo maana ulimuuma zaidi ya wote. Ilikuwa masika ya mwaka 1966, barabara ya Molo imegeuka uji, malori ya kubeba mahindi yamelala gerejini Nakuru na mafundi hawana kazi ila kupiga miayo. Joash akachukua ubao wa nyuma wa lori moja bovu, akachora juu yake falme mbili na mto katikati. Majeshi yakawa nati. Wafalme wakawa plagi mbili kuukuu za injini. Hazina ya kila mfalme ikawa bakuli la punje za kahawa kutoka Subukia.

Wafalme walikuwa wawili tu siku zote: Joash, na Jaswant Singh, fundi mkuu wa injini, kapera mwenye ndevu zilizotunzwa vizuri, aliyeishi na mama yake mzee, Bhagwanti. Kila mfalme alikuwa na majenerali wawili, watu halisi wa kuketi mezani, kila mmoja na nati zake. Hapo ndipo Joash alipotia hila yake. Mfalme akiona vita vimemwelemea, aliruhusiwa kumnunua jenerali wa adui. Anafunga punje ngumini, anamwinamia sikioni, ananong'ona. Jenerali akikubali, anahama na jeshi lake lote. Na lililonong'onwa halisemwi kwa mtu yeyote, hata mchezo ukiisha. Joash aliipenda sheria hiyo kuliko zote. Penye udhia penyeza rupia, na yeye kupenyeza alijua.

Kwa muda mrefu alishinda hivyo. Jumapili baada ya kanisa, watu wameketi kuuzunguka ule ubao, Joash anamnunua Kiplangat dereva leo, kesho anamnunua Ephantus bawabu, na Jaswant anabaki akijikuna kidevu. Joash alikuwa akicheka mpaka ovaroli inatikisika. Ukimuuliza alimwambia nini Kiplangat, anasema, "Sheria ni sheria, bwana."

Kisha jenerali wake mmoja akaacha kazi akarudi kwao Kuresoi kulima viazi, na kiti kikabaki wazi. Joash akamweka mkewe, Nabalayo, akae pale karibu na jenerali wake wa pili, Nicodemus, karani wa kampuni. Alimweka kama mtu anavyoweka jiwe mlangoni upepo usiufunge. Nati zake akazipanga nyuma kabisa, zilinde ghala. "Wewe kaa hapo tu," alimwambia. "Usiguse kitu mpaka nikwambie." Nabalayo akakaa. Akakaa Jumapili nyingi, mikono mapajani, akitazama wanaume wakipigana mbele yake huku nati zake zikishika vumbi.

Jumapili moja Jaswant alikuwa amebanwa vibaya. Akatia mkono katika bakuli lake, akainuka, na watu wakadhani anamwendea Nicodemus, ambaye kila mtu alijua bei yake. Akampita Nicodemus. Akamwinamia Nabalayo.

Alinong'ona maneno machache mno. Nabalayo alimgeukia kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugenini. Halafu akacheka. Si kile kicheko cha kufunika mdomo alichokuwa nacho mbele ya wageni. Alicheka kwa sauti, meno yote nje, na Joash hakukumbuka mara ya mwisho kicheko kile kilipotoka nyumbani mwake. Nabalayo akazichukua nati zake kutoka ghalani, akamnong'oneza Jaswant na yeye neno lake, kisha akazivusha mto pale ambapo hakuna aliyewahi kuvuka. Baada ya hapo mchezo haukudumu. Plagi ya Joash ililala chali.

"Hebu tuone, mathe amelipwa ngapi?" Kiplangat akauliza.

Nabalayo akafungua kiganja. Palikuwa na punje moja.

Gereji nzima iliangua kicheko, Joash naye akajitia kucheka, lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mkewe angekuwa amenunuliwa kwa bakuli zima, Joash angesema ni tamaa. Lakini punje moja! Basi uzito wote ulikuwa katika yale maneno. Ni maneno gani hayo yanayomnunua mke wa mtu mchana kweupe, mumewe akiwa ameketi hapo hapo?

"Alikwambia nini?" alimuuliza walipofika nyumbani, hata viatu hajavua.

"Sheria ni yako, baba Nekesa. Ulisema lililonong'onwa halisemwi."

"Mimi ndiye mwenye sheria. Nakuambia useme."

"Ukitaka kuibadilisha, ibadilishe mbele ya wote Jumapili." Akaendelea kuchambua mboga, na Joash aliapa moyoni kwamba alimwona akitabasamu kwenye sufuria.

Tangu siku hiyo wivu ulimkalia Joash hata chakula hakikuwa na ladha. Jaswant akimsalimu Nabalayo, "Habari, shemeji," Joash anasikia kitu ndani ya hilo shemeji. Jaswant asipomsalimu, anaona wanafichana. Nabalayo akijipaka mafuta, ni ya nani? Asipojipaka, anamwazia nani hata akajisahau? Alianza kuzitazama zile ndevu kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyenona. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na hakujua kwamba cha kwake alikuwa akikifuga mwenyewe. Kwenye mchezo mambo yalikuwa yale yale. Jaswant alikuwa akitia mkono bakulini, anachukua punje moja, ananong'ona, Nabalayo anahama. Watu walishaacha kushangaa.

Basi Joash akaamua kucheza nje ya ubao.

Alisafiri mpaka Kuresoi kwa yule jenerali wake wa zamani, akarudi na gunia la viazi vyekundu, vile vya unga. Jioni akalishusha nyumbani kwa Nicodemus. Nicodemus ndiye aliyekuwa akiandika majina ya mafundi wa kupelekwa kwenye bohari nyingine za kampuni, na meneja alikuwa akitia sahihi bila kusoma.

"Kitale hawana fundi mzuri wa injini," Joash alisema.

Nicodemus akalitazama gunia, akamtazama yeye. "Hii maneno iko nzito, Bwana Joash. Singh ana mama mgonjwa. Daktari yake iko hapa Nakuru."

"Kitale pia kuna madaktari."

"Ni kweli," Nicodemus akasema, akaliburuta gunia ndani. "Kuna madaktari kila mahali."

Mwezi haukuisha, tangazo likabandikwa. Jaswant Singh, Kitale, mara moja. Fundi yule alilisoma amesimama na spana mkononi, akalisoma tena, akauliza, "Lakini kwa nini mimi?" Joash alikuwa mvunguni mwa lori. Alitulia huko, akaufurahia ule ubaridi wa saruji mgongoni. Kwa siku mbili alikula vizuri.

Siku ya tatu Nabalayo alirudi kutoka bombani na debe tupu. Akaliweka chini.

"Mke wa Nicodemus amenishukuru kwa viazi."

Joash akajitia kutafuta kofia yake.

"Nikamwambia karibu, kwa sababu sikutaka kuaibika. Viazi gani, baba Nekesa?"

Nabalayo akaketi kwenye kigoda. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Joash.

"Sasa nitakwambia alichonong'ona," alisema. "Ulitaka sana kujua. Alisema hivi: 'Shemeji, wewe unaona aje?' Basi. Kila Jumapili ni hayo tu. Na mimi namwambia navyoona, na yeye anafuata."

"Ni hayo tu?"

"Wewe unasema 'tu'. Tumekaa nyumba moja miaka kumi na moja. Umeniuliza lini mimi naona aje? Juu ya shamba, juu ya shule ya Nekesa, juu ya kitu chochote?" Akaliinua debe lake. "Umenunua karani kwa gunia zima. Mimi ningekuja kwako kwa swali."

Ungedhani hapo mtu angelia, akaomba msamaha. Joash kwanza alifurahi. Alifurahi kweli, kwa sababu hapakuwa na mapenzi, hapakuwa na lolote, ilikuwa maneno ya mchezo! Furaha hiyo ilimpeleka mbio hadi kwa Nicodemus kuomba jina lifutwe. Nicodemus alikuwa mezani, sahani imejaa.

"Meneja ametia sahihi," alisema huku akitafuna. "Na viazi, ndugu yangu, vimeliwa."

Jumapili ya mwisho kabla Jaswant hajaondoka, walicheza kumuaga. Mama yake, Bhagwanti, alikuwa ameketishwa kwenye kiti kivulini, blanketi magotini, akikohoa. Jaswant alicheza ovyo, mawazo yake hayapo, na bado jeshi la Nabalayo lilikuwa upande wake, kwa maana safari hii Nabalayo alihamia huko mwenyewe, kabla hajaulizwa.

Joash akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Aliingiza mkono bakulini, akajaza ngumi mpaka punje zikamponyoka vidoleni. Akainuka, akazunguka ubao, na mbele ya wote akamwinamia mkewe sikioni. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. Akayanong'ona kama yalivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza.

"Wewe unaona aje?"

Nabalayo hakugeuka. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la haki na anayetaka kulijibu kwa haki. Kisha akajibu kwa sauti ambayo hata mtu wa langoni angeisikia.

"Naona ungeniuliza kabla ya kumpa Nicodemus viazi ili Jaswant apelekwe Kitale."

Nicodemus aliinama kufunga kamba za viatu vyake. Kiplangat akaweka chini soda aliyokuwa akinywa. Jaswant aliinua kichwa pole pole, akamtazama Joash, akamtazama mama yake pale kivulini, akarudi kwa Joash.

"Ni wewe?" aliuliza. "Joash, ni wewe?"

Ngumi za Jaswant zilikuwa kubwa, na kila mtu alisogeza kiti. Lakini Joash hakuwa akizitazama. Hata wakati huo, aibu imemfunika mpaka masikioni, macho yake yalikuwa kwa Nabalayo, anachunga kama atamtazama Jaswant kwa huruma.

Na alimtazama.