Mikanda Minne ya Kihori

Mwaka niliostaafu ufundi umeme, mimi na mke wangu tulinunua boti kuukuu. Miezi ya joto tuliishi humo, tumetia nanga mbali kidogo na ufuko alikokaa dada yake. Kila asubuhi mke wangu aliivuta kamba, akarukia kihori kilichoelea nyuma yetu, akapiga makasia kwenda kunywa chai kwa dadake. Alirudi na umbea wa mtaa mzima.

Siku moja nikirudisha boti kinyumenyume, ile kamba ikajisokota kwenye rafadha ya injini. Nilizama mara tisa na kisu cha jikoni. Nilipopanda nikaapa kihori hakitaburutwa tena.

Tukaenda kwa fundi boti, bwana mnene mwenye penseli sikioni. Alisema njia ni mbili. Afunge mikono miwili ya chuma nyuma, yenye kapi na mpini wa kuzungusha, kihori kining'inie. Au kilazwe ubavu kwenye kibaraza cha nyuma, kikazwe kwa mikanda minne.

"Ile ya chuma hata mtu mmoja anaimudu," alisema.

"Basi hiyo," mke wangu akadakia. "Nataka kitu ninachokiweza mwenyewe."

Mimi nikayaona yale machuma kama pembe zilizoota kwenye boti yangu. "Yataharibu sura. Tia mikanda."

"Na mama atakishushaje?" fundi aliuliza.

"Kwani mimi nimekufa? Nipo!"

Tulicheka, mimi na fundi. Mke wangu alikuwa anatafuta kitu mkobani.

Na kweli nilikuwepo. Kila asubuhi aliniomba nikishushe, nami sikukataa hata siku moja. Nilisema tu ngoja. Ngoja nimalize chai. Ngoja nisikilize taarifa ya habari. Safari za kila siku zikawa za siku mbili tatu, kisha za wiki. Dadake naye alikuwa ameanza kuugua. Sikujua kwamba mtu anaweza kufungiwa njia kwa neno dogo kama hilo.

Jumanne moja jirani wa boti ya pili alinipitia twende kuvua. Simu nikaisahau kitandani. Saa tatu mke wangu alipigiwa simu na mtoto wa dadake: "Mama mdogo, njoo. Mama anakutaja."

Alifungua mikanda yote minne. Kihori kikateleza, kikakwama kati ya kibaraza na ngazi. Alikisukuma kwa mabega, akakisukuma kwa mgongo, akaziita boti zilizokuwa mbali mpaka sauti ikamkauka. Niliporudi saa saba nilimkuta ameketi kibarazani, viganja vimechubuka.

"Twende," alisema.

Tulipofika, majirani walikuwa wameshatandua kitanda. Shemeji yangu alikata roho saa tano.

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Mwezi uliofuata nilirudi kwa fundi, akafunga ile mikono ya chuma bila kuniuliza lolote. Jioni nikamwambia mke wangu, "Laiti ningemsikiliza fundi."

"Fundi?" Akaacha kumenya viazi. "Mimi ndiye niliyesema."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga huku nikicheka.

Asubuhi yake aliujaribu mpini. Aliuzungusha kwa mkono mmoja, kihori kikashuka taratibu, kikatua majini bila kishindo. Nilidhani atapanda. Alikitazama kikielea, halafu akakipandisha tena, akaenda kuanua nguo.

Nilisubiri siku kadhaa, kisha nikamwambia, "Si uende hata sokoni, ukanunue nyanya?"

"Nyanya utanunua wewe," alisema, si kwa hasira. "Mimi nilikuwa naenda kwa dada."

Nikakishusha kihori, nikaenda kununua nyanya.