Masikio ya Mama

Baba yangu alifinyanga vichwa vya wakubwa kwa miaka arobaini: majaji, wakurugenzi, maaskofu wawili na daktari mmoja aliyejisikia kupita wote. Vichwa vya udongo vilipelekwa kiwandani, vikarudi vya shaba, vikawekwa kwenye kumbi ambazo watu kama sisi hatuingii bila kuulizwa shida yetu.

Wakubwa hawana subira. Walikaa siku mbili kwenye kiti cha kuzunguka cha baba, ya tatu wakaangalia saa, ya nne wakaingia mitini. Naye baba, mbishi kama nini, masikio aliyaacha mwisho siku zote. Basi alipaza sauti kuelekea jikoni: "Mama watoto! Niletee sikio!"

Mama alikuja na mikono yenye unga, akakaa kumpa ubavu, uso dirishani.

"Leo mimi nani?"

"Jaji."

"Basi nakuhukumu ukachote maji."

Hakuna mteja aliyegundua. Nani anayajua masikio yake mwenyewe? Mji mzima wakubwa walivaa masikio ya mama yangu, madogo, ndewe zake zimenata shavuni.

Yeye mwenyewe hakufinyangwa. Akiuliza, jibu lilikuwa kesho, au nikimaliza huyu. Na picha hakutaka kupigwa. "Picha ya nini, na mume wangu fundi?" Ipo moja tu, ya harusi, na humo kainamisha kichwa, unaona mtandio basi.

Alipofariki nilimwambia baba waziwazi, tena kwa ukali, asishike kazi ya mtu mpaka amfinyange mama. Sikutaka wanangu wamjue bibi yao kwa kusimuliwa tu.

Hakubisha. Alijifungia karakanani, na siku ya kwanza masikio yakawa tayari, yote mawili, bila kutazama popote. Ukabaki uso. Alifinyanga, akabomoa, akafinyanga tena. Wiki ya tatu nilimpelekea chai nikamkuta amekaa, mikono mapajani, mbele yake bonge tupu la udongo lenye masikio ya mama.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "macho ya mama yako yalikuwaje?"

Damu ilinichemka. Miaka yote hiyo, nyumba moja! Nikafungua mdomo nimweleze. Ikanijia mikono yake yenye unga, ikaja sauti, kikaja kisogo chake jikoni huku mimi nikimsemesha kutoka mlangoni. Macho hayakuja. Niliona aibu, nikaiweka chai chini.

Nikavuta kile kiti cha kuzunguka, nikakaa mbele yake.

"Watu husema nina macho yake, baba. Yatazame."

Akainuka, akapangusa vidole kwenye aproni, akanishika kidevu taratibu. Kisha, kwa mazoea, akanigeuza kuelekea dirishani.