Pembe za Shamba

Chelimo hakuwa mtu wa kuruka sura. Mchungaji alishamshauri aachane na kitabu cha Walawi, asome Zaburi apate faraja, lakini yeye kila alfajiri alifungua palepale alipokomea jana, kikombe cha chai pembeni, daftari magotini. Asubuhi hiyo alikwama kwenye ile amri ya kutovuna shamba mpaka mwisho, pembe ziachiwe maskini na mgeni. "Kwa nini pembe?" aliandika. "Mungu si angesema tu wapelekewe gunia nyumbani?"

Jibu lilimjia akiosha kikombe, akacheka peke yake. Yule maskini alikuja shambani na mikono yake mwenyewe. Alivuna. Hakuna aliyemwita ombaomba.

Basi akavaa sweta ya kanisani, akashuka hadi shamba la kampuni. Miaka kumi na tisa alichuma chai huko, majani mawili na chipukizi, mpaka zilipoletwa mashine zisizokula wala kuugua, na wachumaji mia mbili wakaambiwa asante. Ila mashine hizo haziwezi kugeuka karibu na mtaro. Kila mwisho wa mstari hubaki chai nzuri kabisa, kisha vibarua hutumwa wakiwa na panga kuikata, iozee chini, ili vichaka vilingane. Jambo hilo lilimuuma kuliko barua ya kufutwa kazi.

Weldon, askari wa lango, alimfungulia bila maswali. Supavaiza Joab alimsikiliza amesimama.

"Sijakuja kuomba pesa," Chelimo alisema. "Mtupatie zile kona. Mimi na wamama wengine tutachuma, tutauza wenyewe, na nyinyi mtapumzika kazi ya panga."

"Mama, hiyo chai ni ya kampuni."

"Hata yenye inaoza?"

"Hata hiyo. Nikikubali leo, kesho mtasema mistari yote ni yenu. Sheria ya kampuni haisemi mambo ya kona."

"Biblia inasema."

Joab, aliyekuwa mzee wa kanisa, alitazama simu yake. "Hiyo ilikuwa ya Waisraeli. Na nikikupata huko kwa mtaro, naita polisi."

Chelimo aliumia. Hata hivyo alitembea katikati ya barabara, kichwa juu, mpaka langoni.

Weldon alimsogezea kitabu cha wageni. "Nilisahau kukuandikisha, Mama Winny. Jina, namba ya kitambulisho, halafu sababu ya kukuja. Andika tu ni mambo ya kibinafsi."

Chelimo alishika kalamu, akaandika kwa herufi kubwa zilizojaza mistari mitatu: NIMEKUJA KUOMBA CHAI MNAYOITUPA. NIMENYIMWA.

Weldon alisoma mara mbili. "Mama, supavaiza huweka sahihi hapa kila jioni," alinong'ona.

"Najua," Chelimo alisema, akimrudishia kalamu. "Ndiyo maana nimeandika vizuri."