Hasi Aliyebaki Nje ya Mlango

Mwaka wa sita sasa Mama Koti alikuwa akipanga maboksi ya samaki kwenye chumba cha baridi, na vidole vyake vilikuwa vimechoka, jamani, vimechoka kweli. Alichokitaka ni kile kiti cha msoma vipimo vya baridi, nje ya chumba, penye joto lake. Lakini kiti kina mtihani: maswali matano, upate yote, na unaruhusiwa kujaribu mara tatu tu. Mara mbili alishafeli. Ya tatu na ya mwisho ilikuwa Jumatatu.

Jumapili mchana binti yake, kidato cha pili kwa umri, profesa kwa mdomo, akamwandikia lile swali lililomwangusha mara zote mbili: −3² + 2 × 5.

"Hasi tatu mara hasi tatu, tisa," akaanza Mama Koti. "Jumlisha mbili, kumi na moja. Mara tano, hamsini na tano!"

"Mama! Unakimbizwa na nani? Magazijuto! Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mbili mara tano kwanza."

"Haya, kumi. Na tisa, kumi na tisa."

"Bado."

"Bado nini tena? Na huyu kipeo mbona kwenye Magazijuto yenu hayumo?"

"Anapita baada ya mabano, kabla ya wengine wote. Tena anamshika yule aliyemgusa tu. Hapo kaigusa tatu."

Mama Koti akaikodolea macho ile alama ya hasi. Kazini kwao, mlango ukishafungwa, baridi ni ya walio ndani. Aliye nje anajipulizia chai yake. Mara akaruka, kiti kikaanguka.

"Ala! Kumbe mabano ndiyo mlango! Hapa hakuna mlango uliomfungia hasi pamoja na tatu. Hasi yuko nje anakunywa chai! Tatu mara tatu, tisa, ndipo anakuja kuichukua: hasi tisa. Ongeza kumi... moja! Jasho lote hili, jibu moja?"

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Jioni nzima Mama Koti hakushikika. Kila alichokiona alikipandisha kipeo cha pili, hata sufuria.

Jumatatu akaandika moja. Meneja akalinganisha na karatasi yake ya majibu, akapiga mkasi mwekundu wa kosa.

"Pole, mama. Ni kumi na tisa. Umepata manne."

Moyo ukamshuka hadi kwenye buti. Siku nyingine angesema asante, akarudi kwa samaki wake. Lakini jibu alikuwa analijua, na raha ya kulijua ilikuwa bado inamtekenya. Akamshika meneja mkono, akampeleka mpaka mlango wa baridi, akaingia peke yake na kuufunga.

"Bosi!" akapaza sauti kupitia kidirisha. "Unasikia baridi?"

"Hapana!"

"Basi wewe ndiye hasi!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Akafungua, akamvuta ndani, akafunga tena. "Sasa tumo wote. Haya ndiyo mabano: hasi tatu mara hasi tatu, tisa. Swali lako lina mabano?"

Meneja, meno yakigongana, akaandika kwa kidole juu ya theluji ya mlango. Tisa. Hasi tisa. Kumi. Moja. Akavua miwani, akaifuta, akasoma upya.

"Mtihani huu niliufanya mimi, miaka kumi na miwili iliyopita," akasema taratibu. "Hapa niliandika kumi na tisa."

"Uuuwi! Bosi!"

"Nikapewa vema."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walipotoka, meneja akaufuta ule mkasi, akaweka vema, akamvutia Mama Koti kiti cha msoma vipimo. Yeye akakaa. Meneja akabaki wima, kofia mkononi.

"Na wewe vuta kiti basi, bosi," Mama Koti akamwambia.

"Hapana, mama. Mimi bado sijafaulu."