Kupita Si Kuchagua

Peguy alikuwa na ugonjwa usio na dawa katika famasi yoyote ya mtaa wa Albert Park: alimpenda Glody, na mdomo ulikataa kufunguka. Mchana alitengeneza simu kwenye duka lililo chini ya ghorofa walimokaa wote, jioni alijifunza kuandika programu, na katikati ya hayo alipita mlangoni kwa kina Glody. Leo anarudisha ndoo ambayo hakuna aliyeidai, kesho anauliza kama kwao pia umeme umekatika, na taa ya koridoni inamwakia usoni. Ghorofa nzima ilijua. Hata mlinzi wa getini, akimwona anaelekea kwenye lifti, alimwuliza, "Eish, bra, ndugu yangu, bado tu?"

Basi Larissa, dada yake Glody, alipopata mchumba, Peguy aliona Mungu amemfungulia dirisha. Mama yao, Mama Marie-Claire, ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, na vitabu vyake vya nyimbo vilichakaa mpaka kurasa zinamwangukia mkononi. Peguy akamwandikia programu. Kushoto kuna orodha ya nyimbo, zimepangwa kama zilivyo kitabuni: za kufungua ibada, za sadaka, za msiba, kisha za ndoa. Ukichagua mmoja, projekta inayatoa maneno ukutani makubwa, hata bibi asiye na miwani anasoma. Peguy alijiambia: harusi ikipita salama Mama atanipenda, na hapo ndipo nitapata mdomo. Maskini! Kama vile mdomo huandikwa kwa kompyuta.

Kwenye mazoezi ya mwisho mambo yalikuwa sharp kabisa. Peguy alibofya kwa kipanya, wimbo ukatokea, Mama akasema, "Ça va," na kwa Mama yule hiyo ni sifa ya mwaka mzima. Lakini wakati wa kufunga vitu, kipanya hakikuonekana. Alikitafuta chini ya viti, nyuma ya spika, mpaka ndani ya ngoma. Jioni akapanda hadi mlangoni kwa kina Glody ili aulize, akasikia wanawake wanacheka ndani, akateremka. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini yeye aliona afadhali ujinga. Si neno, alijisemea, hata kama pedi ya kugusa imekufa, laptopu iko na vitufe vya mishale.

Sasa lazima mjue tabia ya kanisa lile. Pale wimbo ukianzwa haukatizwi. Mama Marie-Claire husema kumkatiza mwimbaji ni kumfungia Mungu mlango. Na kinachotokea ukutani ndicho kinachoimbwa, hakuna cha kuuliza.

Siku ya harusi Larissa akasimama mlangoni mwa kanisa, kashikwa mkono na baba yake, shela limefika mpaka ngazini. Mama akainua kidole. Peguy akabonyeza mshale wa chini mara moja, akitaka tu kuanza kuteremka kwenye orodha, kutoka wimbo wa mwisho wa kufungua ibada kuelekea nyimbo za ndoa. Loo! Ukuta mzima ukajaa wimbo wa sadaka. Wapiga ngoma hawakusita. Watu wakainuka, wakachomoa noti na sarafu, wakamiminika kwenye njia ya katikati wakicheza, na bibi harusi akajikuta yuko kwenye foleni ya kapu.

Peguy jasho likamtoka. Akakandamiza mshale asiuachie, nyimbo zikakimbia ukutani mmoja baada ya mwingine, na alipoinua kidole kwa hofu, orodha ikawa imesimama kwenye msiba. Papa Ladislas, mzee wa sauti ya besi, ambaye huimba kwa moyo wote, akaanza kumsindikiza marehemu. Bibi mmoja wa mbele akatoa leso, akalia machozi ya kweli. Bwana harusi akatazama huku na huku kujua nani amekufa. Glody ndiye aliyetoka mbio kwenye kwaya, akachomoa waya wa projekta, akaanza wimbo wa harusi kwa kichwa. Peguy alitamani ardhi ipasuke, lakini kanisa lilikuwa ghorofa ya tatu.

Wakati wa chakula Mama Marie-Claire alimwita mbele ya watu, naye akaja na sahani yake ya fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo hakuigusa.

"Ile mashine yako ilikuwa inafanya nini?"

"Mama, pardon. Kwenye orodha kuna kupita juu ya jina, na kuna kulichagua. Kipanya kinaruka moja kwa moja mpaka unapotaka. Mshale unapita juu ya kila jina. Mimi niliiambia programu: alama ikifika tu kwenye wimbo, onyesha. Kumbe ilipaswa ingoje mpaka mtu abonyeze Enter."

"Kwa hiyo kupita si kuchagua."

"Si kuchagua, Mama."

"Mpaka ubonyeze."

"Mpaka ubonyeze."

Mama akanawa mikono polepole. "Tangu mwaka jana uko unapita mbele ya mlango wangu, wee mutoto. Ndoo, umeme, ndoo. Mimi siko kama mashine yako. Mimi nangoja mtu abonyeze."

Peguy aliogopa kuliko alivyoogopa wakati ule wa msiba, lakini safari hii hapakuwa na mahali pa kuteremkia.

"Mama," akasema, "naomba mjomba wangu aje kuongea na Baba. Juu ya Glody."

"Aje na nini? Na chaja za simu?"

Kabla hajajibu, Papa Ladislas akafumba macho, akaanza ule wimbo wa sadaka. Na wimbo ukianzwa haukatizwi. Watu wakainuka wakicheza, wakacheka, wakazipanga noti na sarafu zao kandokando ya sahani ya Peguy, wengine ndani ya sombe kabisa. Mama alijitahidi kununa, akashindwa.

Glody alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alifungua pochi yake, akatoa kipanya, akakiweka juu ya zile noti.

"Ulikitafuta?"

"Kote! Mpaka ndani ya ngoma."

"Kote isipokuwa kwetu," akasema Glody. "Nilikaa macho nikingoja ubishe hodi."