Kofi Nyuma ya Kamera

Nilipigwa kofi sokoni Tandale, kofi likaingia kwenye masomo ya chuo, na mwanangu akatakiwa kulipita kwenye mtihani wake.

Mimi ni kuli. Nashusha viazi na nyanya pale sokoni tangu nilipoacha shule darasa la tano. Binti yangu Raudha anasomea utalii kwenye chuo kimoja kule Segerea. Yeye ndiye aliyemwambia mhadhiri wake, Kamugisha, kwamba baba yake anaweza kuwaingiza sokoni wakarekodi bila kusumbuliwa. Chuo hakina uwezo wa kupeleka wanafunzi mbugani kila mara, kwa hiyo wanarekodi mahali, wanapaweka kwenye kompyuta, halafu mwanafunzi anamvalisha mtu miwani mikubwa inayofunika uso na kumtembeza kama mgeni aliyefika kweli. Niliona ni jambo la maana. Nikakubali.

Kamugisha alikuja na kidude kidogo kama ndimu, kimechomekwa juu ya fimbo ndefu. Watu wa sokoni hawapendi kamera. Wengine wana wake wawili wasiojuana, wengine wamewadanganya watu wa kwao kwamba wanafanya kazi ofisini. Nikamuuliza wasiotaka kuonekana wakae wapi. Akajibu wakae nyuma, huku macho yake yako kwenye simu. Basi nikawa natangaza: asiyetaka kurekodiwa apite nyuma ya kamera. Nusu ya soko ilihamia nyuma. Na mimi nikasimama huko huko, nazuia mikokoteni.

Hapo likafika lori la Twaha. Twaha anauza nyanya, na hana subira hata siku nyanya zikiwa mbichi. Nikamwomba angoje kidogo, kuna kazi ya chuo inamalizika. Akaniuliza tangu lini kuli anafunga njia.

"Dakika chache tu, braza," nikamwambia.

"Nyanya zangu zioze kwa sababu wewe unataka kuonekana kwenye TV?"

Akanizaba kofi, kofia yangu ikaruka hadi kwenye maji ya samaki.

Ningeweza kumvunja. Gunia la lumbesa nalibeba peke yangu, Twaha ni nini? Lakini niliona nikianza fujo kazi ya Raudha itaharibika. Nikaokota kofia, nikasogea pembeni. Nilijiambia kwamba tuko nyuma, hakuna kilichorekodiwa.

Kile kidude kina jicho mbele na jicho nyuma. Kinaona pande zote kwa mara moja. Sisi hatukujua. Kamugisha alijua.

Baada ya siku chache Raudha alirudi nyumbani akagoma kula. Mama yake ndiye aliyenieleza. Darasani walivaa ile miwani, wakageuza vichwa, wakaniona. Kijana mmoja, Brightson, alikata kile kipande, akakiwekea singeli, akakirusha kwenye grupu la darasa. Kofi linajirudia kwa mdundo. Kila asubuhi walikuwa wanampokea mwanangu wameshika mashavu.

Nilimfuata Kamugisha chuoni, nikamwambia akitoe. Akanieleza mambo mengi ya kompyuta, kwamba ukikata pale somo zima linavurugika, itabidi warekodi upya. Nikamwambia warekodi upya. Akasema bajeti imeisha. Halafu akatabasamu, akasema mgeni wa siku hizi anataka maisha halisi, siyo soko lililopigwa pasi.

"Basi mweke na baba yako anazabwa," nikamwambia. "Litakuwa halisi zaidi."

Tabasamu likaisha. Akaahidi kwamba kipande kitatolewa kabla ya mtihani wa vitendo, kwa sababu siku hiyo wangekuja watu wa hoteli kubwa ya mjini kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumpa mafunzo ya kazi, na kazi yenyewe akimaliza. Raudha ndiye aliyekuwa anaongoza darasani. Nyumbani alikuwa haongelei kitu kingine zaidi ya nafasi ile.

Siku yenyewe nikaenda kuhakikisha. Mlinzi wa getini aliniambia, "Karibu, mzee wa kofi," akanifungulia. Nikasimama kwenye mlango wa darasa. Mama wa hoteli, Marietha, alikuwa kavaa miwani, na kila alichokiona kilionekana pia ukutani kwa projekta. Raudha alikuwa anamtembeza: hapa viungo, hapa dagaa wa Mwanza, kule mihogo ya leo asubuhi. Sauti imetulia, maneno yamenyooka. Nikaanza kupoa.

Yule mama akageuza kichwa kutazama nyuma. Nikajiona ukutani, mkubwa kama mlango, nakula kofi.

"Huyu anayepigwa ni nani?" akauliza.

Brightson kajiziba mdomo. Raudha alikuwa ameshaniona. Aliniangalia, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Ni kuli tu wa sokoni," akasema. "Ugomvi wa hapa ni wa kawaida. Wageni hawaguswi."

Kamugisha akaandika alama huku anatikisa kichwa kukubali. Ndivyo anavyowafundisha.

Niliingia. Nikamvua yule mama miwani bila kumuumiza, nikaipiga sakafuni, nikaikanyaga mpaka ikaacha kulia. Nikamwambia Kamugisha sasa atarekodi upya.

Raudha hakulia. Alisema taratibu, "Nafasi nilikuwa nimeshaipata, baba."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Twaha, nikamrudishia kofi lake na jingine juu. Hayo hakuna aliyeyarekodi.

Sasa nihesabu. Miwani imevunjika, na imelipwa kwa fedha ya kikoba ya mke wangu. Nafasi ya hoteli kapewa Brightson. Uongozi wa soko umenifukuza, kwa hiyo nashusha saruji Kinyerezi kwa watu wasionijua. Raudha kaacha chuo, kahamia kwa shangazi yake, na akipiga simu anaongea na mama yake tu. Kofi bado liko kwenye kompyuta ya chuo. Wanafunzi wapya wamenunuliwa miwani nyingine, wanageuza vichwa, wananiona.